Bei Inayosomwa kwa Tabasamu

(Maelezo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.)

Nina mjomba wangu Fumba ambaye ana tabia moja ngeni kidogo. Jioni, taarifa ya habari ya televisheni ikifika kwenye mambo ya uchumi, huchukua rimoti akapunguza sauti mpaka isisikike kabisa, kisha humwambia mjukuu wake amsomee tarakimu zinazotokea kwenye kioo. Dola shilingi ngapi. Karafuu kilo shilingi ngapi. Akishasomewa hurudisha sauti kwa ajili ya mpira. Siku moja nikamwuliza, mjomba, mbona unaizima ile sauti na ndiyo inayoeleza? Akanijibu: "Tarakimu nazitaka. Furaha yake siitaki."

Wasikilizaji wapenzi, nimelichukua jibu lile kuwa ni maoni ya mtizamaji, na nataka wiki hii tulizungumze. Mjomba hayuko peke yake. Kila nikikaa barazani watu wakajua kazi yangu, mazungumzo hufika hapo hapo. Wapo wanaosema kuwa watangazaji wetu wa habari za uchumi wanasifu mno, hata unadhani wameposa. Wenye dishi la kupata stesheni za nje wanalalamika kinyume chake, kwamba huko nako wanatisha mno, hisa ikishuka kidogo tu mtu anasoma kama anayetangaza kiama. Lakini katika wote hao, sikumbuki hata mmoja aliyeniambia kuwa tarakimu zilizosomwa ni za uongo. Wanayoishuku ni sauti.

Kwa nini sauti? Nadhani jibu liko katika historia yetu wenyewe, na historia hiyo ni ndefu kuliko televisheni.

Hapa Visiwani habari ya fedha kwa miaka mingi ilikuwa habari moja tu, nayo ni bei ya karafuu. Frasila moja, yaani ratili 35, itanunuliwa kwa kiasi gani, basi. Harusi, deni la dukani, bati la kuezekea, nauli ya kwenda Hija, vyote vilingoja jibu la swali hilo. Na tangu zamani swali hilo lilikuwa na swali jingine nyuma yake: anayeitangaza bei ni nani, na yeye mwenyewe ananunua au anauza?

Mwaka 1927 kiliundwa chama cha wakulima wa karafuu, na mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikakipa chama hicho, kwa sheria, haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao biashara hiyo ilikuwa mikononi mwao, waligoma. Bara Hindi nako, kwa kuungwa mkono na chama cha Congress, watu wakasusia karafuu za Unguja na Pemba mpaka yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Sasa, mtu aliyetaka kujua nini kinaendelea katika miezi hiyo alikuwa na magazeti ya kusoma. Samachar lilikuwa la Wahindi, likaandika kwa sauti ya wafanyabiashara. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, likaandika kwa sauti ya wenye mashamba. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo lingedai kuwa haliegemei upande. Lakini msomaji alijua kila sauti inatoka katika tumbo la nani, na kwa kuyasikiliza yote mawili aliweza kukisia ukweli uko wapi. Mchumaji karafuu, ambaye hakuwa na gazeti lake, alikisia zaidi kuliko wengine.

Redio yetu, Sauti ya Unguja, ilianza mwaka 1951 pale Raha Leo. Ilileta jambo jipya, kwamba asiyejua kusoma naye alipata habari kwa wakati mmoja na tajiri wa mjini. Hilo si dogo na sitaki kulipita haraka, kwani ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Lakini redio ilikuwa moja, na ilikuwa ya serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikabaki moja na ya serikali, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, hili tunaloliita ZSTC, likawa ndilo mnunuzi wa karafuu. Tazama basi mambo yalivyokutana. Mnunuzi ni serikali, mpanga bei ni serikali, na sauti inayotangaza bei ni ya serikali. Bei ilisomwa kwa sauti ile ile inayosomewa amri. Haikuwa tena habari, kwa maana habari ni kitu unachoweza kukilinganisha na kingine.

Mjomba yangu alikuwa kijana siku hizo. Fumba, kwa wasiopajua, si nchi ya karafuu. Ni nchi ya mawe, minazi na bahari, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa, na watu wake ni wavuvi. Lakini msimu mkubwa ukifika watu wa Unguja nao walikwenda Pemba kuchuma, naye alikwenda. Anasimulia kuwa walikuwa wakikaa jioni wakichambua makonyo, redio iko katikati, na bei ikisomwa hakuna aliyesema neno. Waliangaliana tu. Baadaye, usiku, wenyeji walinong'ona bei nyingine, ile ya Mombasa, iliyoletwa na mabaharia.

Hapo ndipo ilipokuwa kura ya msikilizaji. Haikupigwa kwa barua kwa mhariri, ilipigwa kwa mashua. Magendo ya karafuu kwenda Kenya yaliendelea miaka na miaka, juu ya adhabu kali na doria baharini, na sababu yake haikuwa siri. Katika miaka ya 1970 mkulima alilipwa sehemu ndogo sana ya bei ya dunia. Mimi simsifu mfanya magendo. Nasema tu kwamba mtu akisikia bei kutoka mdomo mmoja, na mdomo huo ndio unaonunua, atatafuta mdomo wa pili hata kama uko ng'ambo ya bahari.

Na ni fedha hizo hizo za karafuu zilizotuletea televisheni. Mwaka 1973, wakati Tanzania Bara haina televisheni kabisa, na itakaa bila ya televisheni mpaka 1994, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi, ya mwanzo kusini mwa Sahara. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Watu walijaa uani kwa mwenye kioo mpaka ukuta ukalalamika. Lakini fikiri kidogo juu ya mchumaji aliyetoka juu ya mkarafuu na kwenda kukaa mkekani kutizama kioo kilichonunuliwa kwa jasho lake, kikimwambia kwa rangi nzuri kwamba mambo ni mazuri.

Mambo hayakubaki mazuri. Indonesia, waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, walikuwa wameshapanda mikarafuu yao wenyewe, nayo ikakomaa. Bei ya dunia iliyokuwa karibu dola 9,000 kwa tani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaporomoka, na kufika katikati ya miaka ya 1990 haikuwa hata dola 1,000. Mikarafuu mingine iliachwa ikazongwa na mwitu. Sauti iliyozoea kutangaza neema haijui kutangaza hasara. Hiyo ndiyo khasara yake kubwa. Msikilizaji anaipata habari mbaya dukani, kwa kukopeshwa kidogo kuliko jana, kabla hajaisikia redioni.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa, na habari za fedha zikabadilika. Karafuu ilipata mwenzake, nayo ni dola. Mwaka 1992 rasi ya Fumba ilitangazwa kuwa eneo huru la uchumi, pamoja na Micheweni kule Pemba. Televisheni za watu binafsi zikaanza Bara mwaka 1994, na Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likafungua mauzo yake ya kwanza. Ghafla tukawa na maneno mengi: mitaji, vitega uchumi, wawekezaji, na mfalme wa maneno yote, fursa. Vioo vikawa vingi. Wengi tulidhani kwamba midomo ikiwa mingi, yatarudi mambo ya Samachar na Al-Falaq, kila mmoja na upande wake na msikilizaji katikati akipima. Haikuwa hivyo. Midomo ilikuwa mingi, lakini karatasi inayosomwa mara nyingi ilikuwa moja, iliyoandikwa na ofisi ya uhusiano ya mwenye mradi au ya wizara, na sifa zimeshatiwa humo tayari kama sukari kwenye chai ya mgahawani. Huwezi kuitoa.

Hapa inanibidi nijitaje mwenyewe.

Nilipomaliza stashahada yangu ya uandishi wa habari nilifanya kazi kidogo katika kituo kimoja, sitakitaja, na kwa muda nikaazimwa upande wa televisheni kusoma habari za uchumi. Siku moja ikaletwa habari ya mradi utakaojengwa upande wa kwetu. Ilikuwa na tarakimu za mamilioni ya dola na za ajira zitakazopatikana. Kabla ya kuingia hewani msimamizi wangu aliniambia: "Hii habari njema, isome kwa tabasamu." Nikaisoma kwa tabasamu. Sikusema uongo hata neno moja. Tarakimu zote zilikuwa kama zilivyoandikwa.

Ijumaa yake nikaenda Fumba kusalimia. Mjomba akanikaribisha, akanipa pweza, tukala. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mwanangu, siku ile wewe ulifurahi nini?"

Ilikuwa katika eneo la mradi ule ana minazi yake. Kama mnavyojua, ardhi hapa kwetu ni mali ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, na mtu anapoondoshwa anachofidiwa ni vilivyo juu ya ardhi, mti kwa mti, si udongo wenyewe. Minazi yake ilikuwa haijahesabiwa. Hakuna aliyemwambia itahesabiwa lini. Na jambo hilo mimi nililijua. Niliwahi kulisikia nyumbani kabla ya kuisoma habari ile, lakini halikunijia kuwa nalo ni habari ya uchumi. Nililiona kuwa ni la ukoo. Mamilioni ya dola ya mtu nisiyemjua yalikuwa uchumi, na minazi ya mjomba yangu ilikuwa maneno ya nyumbani.

Minazi ilikuja kuhesabiwa, baada ya muda mrefu, na fidia alilipwa. Sina haja ya kusema alilipwa ngapi. Leo upande huo wa rasi umejaa nyumba za ghorofa, na wapo vijana wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi wanaofanya kazi humo na kushukuru. Mradi ule haukuwa habari mbaya, ndiyo maana kisa hiki ni kigumu. Ulikuwa habari njema kwa wengine, ya wasiwasi kwa wengine, na uso wangu uliwachagulia wote kitu kimoja cha kuhisi.

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni kusoma kwa ukavu, bila ya furaha wala huzuni, kama anayesoma orodha ya mitihani. Nilidhani hivyo kwa muda. Lakini tazameni mfano wa dola, ambao unatuhusu kila siku. Shilingi yetu ilipita 2,600 kwa dola moja katikati ya mwaka 2024, kisha ikapata nguvu na kurudi karibu 2,400 mwisho wa mwaka. Ilipokuwa ikishuka, watangazaji walisoma kwa huzuni. Ilipopanda walisoma kwa bashasha. Sawa, mchele tunaokula mwingi unatoka nje, na mashine za ngalawa zinatoka nje, kwa hiyo dola ikiwa ghali sote tunaumia. Lakini mama wa mwani wa Bweleo, je? Mwani wake unauzwa nje kwa dola. Shilingi ikipata nguvu, mnunuzi anaona kila dola anayopata huko inamletea shilingi chache zaidi hapa, na hilo halikawii kumfikia mwenye kamba na vijiti pwani. Mama huyo huyo jioni anapika mchele wa kutoka nje. Sasa asikie furaha au huzuni? Ukiisoma tarakimu kwa ukavu bila kumweleza hayo, hukumtendea haki. Umemwachia tu asiyeijua hesabu aendelee kutoijua. Kutoegemea upande ni kazi ya kuongeza, kutafuta yule wa pili na wa tatu ambao tarakimu hiyo inawagusa, na kazi hiyo inachukua mchana mzima, wakati tabasamu linachukua nukta moja.

Na sauti ina nguvu, tusidanganyane. Septemba 13, 2007, jioni, mwandishi wa uchumi wa BBC, Robert Peston, alitangaza kuwa benki ya Northern Rock imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya Uingereza. Habari ilikuwa ya kweli. Asubuhi yake watu walipanga foleni nje ya matawi ya benki ile kutoa fedha zao, jambo ambalo Uingereza ilikuwa haijaliona kwa benki yake tangu karne ya 19, na foleni hazikupungua mpaka serikali ilipodhamini amana zote siku ya Jumatatu, tarehe 17. Mwezi Februari 2009 kamati ya Bunge ilimwita yeye na waandishi wenzake kuwahoji juu ya namna walivyoripoti mtikisiko wa mabenki. Wapo waliosema angenyamaza. Mimi nauliza, na yule mzee mwenye akiba yake pale, angenyamaziwa kwa faida ya nani?

Kwetu mfano uko karibu zaidi. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki 5 kwa mpigo kwa kukosa mtaji wa kutosha. Siku ile walionipigia simu hawakuniuliza juu ya mtaji, wala juu ya sheria. Waliuliza jambo moja: mwenye fedha zake humo atapata ngapi? Jibu lilikuwapo, kwamba kinga ya amana wakati huo ilikuwa mwisho wake shilingi 1,500,000. Mtu mwenye tarakimu hiyo mkononi hahitaji kutishwa wala kupozwa.

Nikumbushe pia mambo mawili ya Bara, maana yanaonyesha mwandishi amesimama wapi anapoifunua karatasi yake. Septemba 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ilichukua mpaka Juni 2019 kulegezwa. Halafu Julai 1, 2020, Benki ya Dunia ilitangaza kuwa Tanzania imeingia katika nchi za kipato cha kati cha chini, miaka 5 kabla ya lengo tulilojiwekea. Vigelegele vilikuwa vingi. Tarakimu yenyewe ilikuwa dola 1,080 kwa kila mtu kwa mwaka 2019, na mpaka wa kuingia ulikuwa dola 1,036. Tofauti ni dola 44. Sisemi kuwa halikuwa jambo la kufurahia. Nasema mtizamaji aliyepewa hizo tarakimu mbili pamoja angejua mwenyewe afurahi kiasi gani, na asingehitaji kuoneshwa na mtangazaji.

Wiki iliyopita nilikuwa Fumba tena. Jioni tulikaa barazani, kioo kiko mlangoni kimegeuzwa nje, upepo wa kusi unavuma. Taarifa ikafika kwenye uchumi. Mjomba akachukua rimoti kama kawaida yake, mjukuu akasogea karibu na kioo. Dola akaisoma. Karafuu akaisoma. Kisha ikaja picha ya mradi mwingine, mtangazaji kijana akichangamka bila ya sauti, na mtoto akasema: "Babu, hapa hapana tarakimu."

"Basi ngoja," akasema mjomba, akaweka rimoti mapajani.

Tukangoja wote watatu, tukimtizama yule kijana akicheka peke yake.